Jedwali la Nchi Mbili

Katika wiki ya kwanza ya Agosti, mwaka wa 1996, Aweys alifika Jericho, mtaa wetu wa Nairobi, kutoka Kampala kwa pikapu yake ya kijani. Nyuma alikuwa na mikungu mitatu ya matoke, na mbele alikuwa na nia moja: kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja. Kaka yake mkubwa, Sakariye, ambaye alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, aliyapokea matoke na kuikataa nia.

Mama yao, Mama Ardo, alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano hivi. Ukame wa mwaka wa 1992 ulipomaliza mifugo yake huko Wajir, alikuja Nairobi kukaa na Sakariye, ambaye alikuwa na duka la jumla katika soko la Jericho. Miaka minne ikapita. Kisha mwezi wa Machi wa mwaka huo wa 1996 alikwenda Kampala kumpokea mjukuu aliyezaliwa nyumbani kwa Aweys, akakaa huko hadi mwisho wa Mei. Kwa hiyo alizifahamu nyumba zote mbili, na kila mmoja wa wanawe aliamini kwamba nyumba yake ndiyo iliyompendeza.

Siku ya pili tangu Aweys afike, mimi na mke wangu, Kavutha, tulialikwa kunywa chai. Nafiso, mke wa Sakariye, alikuwa bado anamimina kikombe cha kwanza wakati ndugu hao wawili walipomgeukia mama yao.

"Hooyo," Sakariye akasema, kwa maana hivyo ndivyo walivyomwita mama, "mwambie mwenyewe. Unataka kukaa wapi?"

"Ndiyo, Hooyo, chagua," Aweys akadakia. "Sisi tutanyamaza."

"Nyinyi mnyamaze?" Mama Ardo akacheka. Kiswahili chake alikuwa amekijua zamani, alipokuwa akiwauzia maziwa maaskari na makarani wa Wajir. "Nikisema nakwenda, kesho sokoni watasema Sakariye amekimbiwa na mama yake. Nikisema nabaki, Aweys atarudi kwa wakwe zake na gari tupu. Sisemi."

"Sasa itakuwaje?"

Mama Ardo alinitazama mimi, nami nilikuwa na sambusa mdomoni.

"Mwalimu yuko hapa. Kazi yake ni kusahihisha. Azisahihishe hizi nchi mbili. Itakayopata alama nyingi ndiyo nitakayoishi. Hapo hakuna mtoto wangu aliyeshindwa. Itakuwa nchi iliyoshindwa."

Nilijaribu kujitoa. Nikasema kwamba mimi ni Mkenya, sijawahi kuvuka mpaka wa Uganda, na kwamba haitakuwa haki kwa upande wa pili. Aweys ndiye aliyenizuia.

"Mwalimu, mwaka wa themanini na moja nilikuwa darasani kwako, naishi na amu yangu nyumba hii hii. Ulinifelisha hesabu, na jioni ukaja kula pilau kwetu. Kama hukunipendelea mimi siku ile, hutampendelea Sakariye leo."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinitia kiburi kidogo. Nikakubali.

Tulipofika nyumbani, Mama Kavinya, yaani Kavutha mke wangu, alivua viatu vyake taratibu.

"Baba Kavinya, umekubali kusahihisha nchi?"

"Nimeombwa."

"Na Uganda ikifeli utafanyaje? Utaiambia ije na mzazi wake?"

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo muda ulikuwepo. Asubuhi iliyofuata nilinunua karatasi ya manila, nikapiga mistari, nikaandaa jedwali lenye safu kumi: maji, stima, chakula, matibabu, hali ya hewa, usalama, barabara, majirani, ibada na jamaa. Kila safu niliipa alama kumi, jumla mia moja kwa kila nchi. Chini yake niliandika kanuni mbili. Kwanza, hakuna alama itakayotolewa bila shahidi. Pili, shahidi awe ameona kwa macho yake mwenyewe. Habari za redio hazikubaliki.

Mama Kavinya alilisoma jedwali akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Maji alama kumi na barabara alama kumi?"

"Ndiyo. Nimegawa sawa."

"Umegawa hivyo kwa sababu hujawahi kubeba mtungi tangu tuoane, isipokuwa ile siku mama yangu alipokuja kutoka Kitui ukataka akuone."

Nilifikiri, nikaona hoja yake ina uzito. Nikaunganisha barabara na stima ziwe safu moja, na maji nikayapa alama ishirini. Jumla ikabaki mia moja. Alitikisa kichwa, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza ameona faida ya mimi kwenda chuo.

Jioni hiyo nilikwenda dukani kwa Sakariye kusikiliza hoja za awali. Duka lilikuwa limejaa magunia ya sukari na unga hadi darini. Sakariye alikuwa nyuma ya meza. Aweys alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele kama mtu aliyealikwa kwenye kiti cha heshima.

"Karibu, Mwalimu," Aweys akasema. "Anza na stima. Hiyo taa inayowaka juu ya kichwa cha kaka yangu, sehemu ya stima yake inatoka kwetu Jinja. Nyinyi mnanunua, sisi tunauza. Sasa kati ya muuzaji na mnunuzi, nani tajiri?"

"Mimi nauza sukari," Sakariye akajibu bila kuinua macho. "Wanaoinunua wengi wana magari. Mimi nakwenda kwa miguu. Andika hilo."

"Chakula basi! Hooyo kwangu anakula asubuhi, mchana na jioni, matoke mpaka anakataa."

"Anakataa kwa sababu amechoka. Huyu mama amelelewa kwa maziwa na nyama. Utamlisha ndizi mpaka aote majani."

"Maziwa yapo! Ng'ombe wa Mbarara, Mwalimu, wana pembe ndefu kama ngazi."

"Na ngamia?"

Aweys alianza kuchezea uzi wa gunia alilokalia.

"Ngamia..." akasema.

"Mwalimu, ngamia, Uganda, sufuri. Andika."

"Na hapa Jericho ngamia wako wapi? Wamefungwa nyuma ya kanisa?"

"Maziwa yake yanafika Eastleigh kwa basi kila siku. Nafiso anakwenda kuyachukua."

Wakati huo Patrobas, dereva wa lori aliyekaa mstari wa pili kutoka kwetu, alikuwa akingoja kupimiwa sukari. Alikuwa ameyasikiliza yote hayo kwa uvumilivu mkubwa.

"Nyinyi watu," akasema, "mnapima nchi robo saa nzima na hakuna aliyetaja mpira. Mwalimu, weka safu ya mpira. Mimi nitakuwa shahidi, na sitaki malipo."

Nilimweleza kwamba Mama Ardo si mpenzi wa mpira. Alisema basi jedwali langu haliwezi kuitwa jedwali, akachukua sukari yake akaenda.

Siku zilizofuata niligundua kwamba ndugu hao hawakuridhika na kutoa hoja. Walianza pia kupanga ushahidi. Zamu ya maji katika mtaa wetu ilikuwa siku tatu kwa juma, nayo yalitoka alfajiri kwa saa chache tu. Asubuhi ya Jumanne nilimkuta Sakariye kwenye mfereji wa pamoja, amejifunga kikoi, ana mtungi kila mkono, katikati ya foleni ya wanawake. Mtu mwenye vibarua watatu dukani!

"Mazoezi, Mwalimu," akaniambia akihema. "Daktari amesema."

Kumbe alikuwa akijaza pipa la jikoni, ili mama yake kila akinyanyua kifuniko akute maji hadi ukingoni na asahau kwamba kuna siku mfereji hutoa upepo. Wanawake walikuwa wakimpangia mtungi wake kwa kicheko, na mmoja akamwuliza kama Aweys angeweza kuja kila mwezi.

Aweys naye hakulala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Nafiso alimkuta shemeji yake akifungua dirisha la chumba cha mama. Baridi ya Agosti ya Nairobi ilikuwa ikiingia humo kama mgeni aliyekaribishwa.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Hewa safi."

"Fungua dirisha la chumba chako upate hewa safi."

"Mimi nimeshazoea joto, nitaugua," Aweys akajibu, kisha akatambua alichosema, akalifunga.

Nafiso alinisimulia hayo ukutani akicheka hadi machozi, lakini alimaliza kwa sauti ya chini. "Mwalimu, usione tunacheka. Sakariye alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa. Hii miaka minne ndiyo mirefu zaidi aliyokaa na mama yake tangu utotoni. Akienda, sijui nitamfanyia nini huyu mwanamume."

Niliyachukua maneno hayo nikaenda nayo nyumbani, ingawa hayakuwa na safu katika jedwali.

Shahidi wangu mkuu alikuwa Mama Ardo mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa amekaa kote kuwili miaka ya karibuni. Nilimhoji alasiri tatu mfululizo. Alikuwa na kigoda chake kwenye ukuta wa nje, pale jua lilipopiga likijitokeza, naye akikaa amejifunga shuka mbili, moja mabegani na nyingine magotini. Mimi nilikaa mbele yake na jedwali juu ya ubao.

"Maji ya Kampala, Mama?"

"Mazuri. Yanatoka mchana kutwa, ndani ya nyumba."

Niliandika kumi na sita. Alikitazama kidole changu.

"Umeandika nyingi?"

"Kumi na sita kwa ishirini."

"Mvua ikinyesha yanatoka na rangi ya chai."

Nikapunguza tatu. "Na ya hapa?"

"Haya ni ya kungoja."

Nikaandika tisa.

"Lakini ni meupe," akaongeza, "na Mama Kavinya huniwekea mtungi wangu mbele ya yake."

Nikaongeza tatu. Ikawa kumi na tatu kwa kumi na mbili, na Mama Ardo akaegemea ukuta kana kwamba amepumzika.

Tuliendelea hivyo. Matibabu: Kampala hospitali ilikuwa karibu na muuguzi alimwita bibi kwa adabu, lakini mwezi wa Aprili malaria ilimlaza siku tisa. Nairobi hakukuwa na mbu wa kutaja, lakini mwezi wa Julai magoti yake yalikuwa yakilia kama mlango mbovu. Majirani: wa Kampala walikuwa wakarimu, ila lugha yao ilimpita kama gari la haraka. Wa Jericho alielewana nao, ila, akasema kwa upole, wanauliza maswali mengi. Hapo nilikohoa.

Alhamisi asubuhi nilijumlisha. Kenya ilipata sitini na moja. Uganda ilipata sitini na moja.

Furaha yangu haikudumu. Nimesahihisha mitihani kwa miaka kumi na tisa, na kila nilipokuta karatasi mbili zinazofanana alama kwa alama, wenyewe walikuwa wameketi dawati moja. Niliyarudia madokezo yangu nikayasoma kwa utaratibu. Ndipo nilipoona: kila mara nchi moja ilipotangulia, shahidi wangu alikuwa amekumbuka kitu kipya. Hakusema uongo hata mara moja. Alikuwa tu akikumbuka kwa zamu.

Niliamua kusahihisha upya, na safari hii niliuweka kando ushahidi wake, nikabaki na yale tu ambayo ndugu wote wawili walikuwa wameyakubali. Siku hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka, mfereji ulikuwa mkavu, nami niliandika nikiwa nimevaa koti. Uganda ikapata sitini na mbili, Kenya hamsini na saba. Basi, nikajiambia, jambo limekwisha.

Ijumaa jua likatoka. Maji yakaja alfajiri yakakaa hadi saa tatu, watoto wakaogeshwa, na nguo za mtaa mzima zikaanikwa kwa mara moja. Niliipitia kazi yangu kwa mara ya mwisho, kama ilivyo desturi yangu kabla ya kutoa matokeo, na nikaona kwamba katika safu kadhaa nilikuwa nimebana mno. Nikarekebisha. Kenya sitini na tatu. Uganda sitini.

Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Karatasi ya mwanafunzi haiongezi alama kwa sababu jua limetoka. Kama alama zangu zilikuwa zimebadilika kwa siku moja, kosa halikuwa la Kenya wala la Uganda.

Saa saba mchana Sakariye na Aweys walikuwa msikitini. Nilimwendea Mama Ardo pale ukutani.

"Mama, umekuwa ukinisaidia kusahihisha."

Alinitazama, kisha akacheka hadi shuka ya mabegani ikaanguka.

"Umegundua! Niliogopa hesabu zako zitanishinda. Ni ngapi kwa ngapi?"

"Zilikuwa sawasawa. Kwa nini, Mama?"

"Zikiwa sawa hakuna anayenichukua na hakuna anayenizuia."

"Na wewe mwenyewe? Niambie mimi, sitawaambia. Wapi ni bora?"

Alilipeleka goti lake kwenye jua kwa mikono miwili, kama mtu anayesogeza kiti.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa kwenye mifugo. Tulikuwa na visima, na tulikuwa na mbuga mbali na visima, mwendo wa siku sita. Wakati wa kiangazi tulikaa visimani. Mvua ikinyesha tulikwenda mbugani. Ungemwendea baba yangu umwulize, visimani na mbugani ni wapi bora, angefikiri jua limekupiga kichwani. Angekuuliza, lini? Ukikaa mbugani kiangazi unakufa. Ukikaa visimani mvua ikiwa imenyesha mbugani, wewe ni mvivu. Wanangu wamekaa mjini, wamesahau. Wananiuliza wapi. Na wewe karatasi yako inauliza wapi. Sijaona mtu mmoja wa kuniuliza mwezi."

Nililitazama jedwali langu. Safu tisa, nchi mbili, mistari iliyonyooka. Na hakukuwa na mwezi hata mmoja. Mimi ambaye kila mwaka huchora ubaoni grafu ya mvua ya Januari hadi Desemba!

"Kwa nini usiwaambie wenyewe?"

"Nikisema mimi, Sakariye atasema nimemkimbia wakati wa baridi, na Aweys atasema nimemkimbia wakati wa tope. Watahesabu nani nimemkimbia zaidi. Sema wewe. Wewe huna mama hapa."

"Siwezi kuwasomea alama ambazo najua zimepangwa."

"Basi usisome alama."

Jumamosi alasiri tulikutana sebuleni kwa Sakariye. Ndugu hao walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kusikiliza hukumu. Mama Kavinya aliketi karibu na Nafiso, na nikaona kwamba wote wawili walikuwa wamejiandaa kufurahi.

"Nimeufuta mtihani," nikasema.

"Umeufuta?" Sakariye akasimama.

"Keti. Alhamisi nilisahihisha, Uganda ikashinda kwa alama tano. Ijumaa nikasahihisha, Kenya ikashinda kwa tatu. Swali liliwekwa vibaya, na aliyeliweka ni mimi."

"Alhamisi Uganda ilishinda!" Aweys akasema. "Matokeo ya kwanza ndiyo matokeo."

"Na ya mwisho je?" Sakariye akamjibu. "Ukicheza mpira ukafunga dakika ya kwanza, mnakwenda nyumbani?"

"Patrobas angekuwapo angefurahi," Mama Kavinya akasema.

Niliigeuza ile karatasi ya manila. Upande wa pili nilikuwa nimechora visanduku kumi na viwili, kila kimoja na mwezi wake. Nikawaeleza kwamba sitauliza tena ni wapi kuzuri. Kila mmoja wao atataja miezi ambayo asingependa mama yake awe katika nyumba yake mwenyewe, naye atasema ukweli, kwa kuwa mama yao na Nafiso wapo.

Ndugu hao wakatazamana.

"Kwangu hakuna mwezi kama huo," Aweys akasema.

"Kwangu pia," akasema Sakariye.

"Sakariye," Nafiso akaita taratibu, "mwambie Mwalimu Julai ulinunua magunia mangapi ya makaa."

"Makaa ni ya kupikia."

"Chini ya kitanda cha mama?"

Sakariye alikuna ndevu zake. "Basi, Julai," akasema. Kisha akaongeza, "Na Juni. Na Agosti, mpaka mwisho." Akaitazama karatasi. "Januari na Februari mfereji unakauka kabisa. Vumbi. Lakini hiyo ni miwili tu!"

Nikaandika. Nilipomgeukia Aweys alikuwa ameinama.

"Aprili," akasema. "Aprili aliugua mikononi mwangu. Siku ya sita hakunitambua, Mwalimu. Sikumwambia kaka yangu kwa simu kwa sababu niliogopa atakuja kumchukua."

Sakariye alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza bila ushindani usoni. "Ungeniambia," akasema.

"Nimekuambia sasa."

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Kampala mvua na tope vilikuwa Machi, Aprili na Mei, kisha vikarudi Septemba hadi Novemba. Miezi hiyo mama angekaa Jericho. Nairobi baridi ilikuwa Juni, Julai na Agosti, na ukavu Januari na Februari. Miezi hiyo angekaa Kampala. Kilichobaki kilikuwa kisanduku kimoja, Desemba, nao wakakirukia wote wawili.

"Desemba ni yangu, watoto wangu wamefunga shule!"

"Na wangu wanasoma mwaka mzima? Wewe una sita tayari!"

"Sita ya mvua!"

"Desemba," Mama Ardo akasema, naye alikuwa hajasema neno tangu tuketi, "nakwenda Wajir."

Wote tulimgeukia.

"Mvua ya vuli itakuwa imenyesha. Kuna majani, kuna maziwa, na dada zangu wawili wako hai. Nitaondoka katikati ya Novemba. Hakuna aliyeniuliza habari za Wajir, kwa hiyo sikusema."

"Hooyo, safari zote hizo, na magoti hayo?" Sakariye akasema.

"Magoti haya yameharibika kwa kukaa."

Aweys alikuwa akihesabu kwa vidole. "Basi yeye tano na nusu, mimi tano."

"Nusu mwezi unaigombea?" Mama Kavinya akamwuliza.

Aliona haya, akaiacha. Sakariye ndiye aliyeona tatizo jipya. "Ramadhani ijayo itaangukia Januari. Yaani afungue kwake mwezi mzima, mimi nifungue na nani?"

"Inatembea," mama yake akamwambia. "Kila mwaka inarudi nyuma. Itapita Wajir, itakufikia."

Niliombwa kuthibitisha, nikapiga hesabu pembeni mwa karatasi: siku kumi na moja, mwaka hadi mwaka. Sakariye alipoona kwamba angengoja miaka sita hivi, alipumua, akasema kwamba atakuwa na subira, na Nafiso akasema kwamba hilo atataka kuliona kwa macho yake.

Kwa kuwa Agosti ilikuwa bado na wiki tatu, mama aliondoka Jumatatu. Nilikuwa nimenakili ile kalenda mara tatu kwa mwandiko wa kukoza: nakala moja ya Nairobi, moja ya Kampala, na moja Mama Ardo aliiomba kwa ajili ya dada zake, ingawa hakuna kati yao aliyejua kusoma. Alisema watahesabu visanduku.

Sakariye alimpakilia gunia la sukari ambalo Kampala haikulihitaji. Alipanga blanketi kwenye kiti cha mbele, akalitoa, akalipanga tena. Mama Kavinya alikuwa ameleta chupa ya chai.

"Mama, huogopi njia yote hiyo?" akauliza.

"Miaka minne nimetazama ukuta mmoja, mwanangu," Mama Ardo akamjibu, akapanda bila kusaidiwa.

"Aweys," Sakariye akasema, ameshika mlango, "Jumapili ya kwanza ya Septemba. Usimlete mpaka hapa, utamchosha. Nitakuja kumpokea Malaba. Saa nne asubuhi."

"Saa nne? Abowe, kaka yangu, wewe hujawahi kufika mahali popote saa nne."

"Nitalala huko."

"Utalala Malaba? Na duka?"

"Duka lina watu."

"Sawa, saa nne. Lakini upande wetu wa mpaka. Chai yetu ni nzuri zaidi."

"Chai yenu! Mwalimu, umemsikia? Chai yao wanaipika na—"

"Aweys," mama yao akasema, akijifunga mtandio, "washa gari."